Udongo wa Ukweni

Nilikuja na jembe la kwetu, mpini wake
umelainishwa na viganja vya mama,
na maharagwe kwenye fundo la leso,
yale yenye madoa, kama mayai ya kware.
Kwetu Maragoli tunapanda kati ya mwamba na mwamba.
Udongo ni mwekundu, mwepesi, unapumua;
mvua ikinyesha saa tisa, saa kumi na moja
unapita shambani na viatu vya kanisani.

Nikaiona Kano, tambarare,
jicho likaenda hadi milima ya Nandi bila kujikwaa,
nikasema moyoni: hawa wana ardhi, hawana bidii.

Ewe udongo mweusi, ulinisikia?

Machi ulinipokea kimya.
Aprili ukameza gambuti langu la kushoto,
mpaka leo hujalirudisha.
Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga.
Wahenga hao hawakupitia Ahero.
Huku ukiuwahi ungali maji, wenyewe unakuwahi,
unakushika kifundo cha mguu kama mdai.
Maharagwe yangu yalisimama majini wiki mbili,
yakawa manjano,
kisha yakanyamaza.

Agosti ukapasuka. Kifaranga akatumbukia ufani,
tukamsikia analia chini ya miguu yetu;
Ogweno, mtoto wa shemeji, akalala kifudifudi,
mkono umezama hadi begani,
akapapasa, akapapasa, akatoka naye,
yu hai, mweusi kama masizi.

Mama mkwe hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Peresia alikuwa anapeta mtama,
akasema kwa Kiswahili chake cha kusitasita:
"Hii si mgonjwa. Hii ni nyingine."

Basi nikaketi nawe.
Nilikukanda kwa maji kidogo kiganjani,
nikakuviringisha, ukawa uzi,
nikaupinda uzi, ukawa pete,
ukazunguka kidole changu bila kukatika.
Nikateka mchanga wa ukingo wa Nyando, nikaufinya:
ulimomonyoka kabla haujawa kitu.
Nikautia huo chupani, nawe chupa yako,
nikajaza maji, nikatikisa, nikaziacha dirishani.
Kulipokucha mchanga ulikuwa umelala chini,
maji juu yake yameangaza.
Chupa yako wewe ilikuwa bado macho,
imevurugika, kama mtu aliyekesha na neno.

Sasa nakujua kidogo.
Pale bondeni, maji yanapokaa kama mgeni asiyejua kuaga,
nimekupa mpunga. Mpunga haukuogopi,
unasimama ndani yako hadi magotini na kucheka.
Unapoinuka kidogo, karibu na njia ya ng'ombe,
ni mtama wa vichwa vyekundu:
mizizi yake inashuka na nyufa zako, haina haraka.
Ukingoni mwa mto nimefukia njugu
na marando ya viazi, maana hivyo hutaka kitanda laini.
Kwenye kichuguu nyuma ya choo nilidondosha mbegu moja ya boga,
bila mpango wowote.
Limetambaa hadi paa la jiko na halisikii la mtu.

Na maharagwe?
Kiganja kilichobaki nimekiotesha kwenye sufuria iliyotoboka,
ndani ya udongo mwekundu niliobeba Krismasi
kwa mfuko wa unga, kaka yangu Amugune akiniuliza
kama huko nilikoolewa wameishiwa na ardhi.
Yanazaa kikombe kimoja kwa msimu.
Peresia huyala yote, halafu husema hayana chumvi.

Leo mpunga umeinama.
Ndege wameshajua; Ogweno yuko huko tangu alfajiri
na kopo la rangi lililojaa kokoto,
anapiga kelele hata pasipo na ndege.
Gambuti la kulia linaning'inia msumarini,
sijalitupa.
Nyufa zikifunguka tena mwezi wa nane,
nitachungulia.